Uzamili wa Asia ya Mashariki: uchague moduli zipi?

Mwezi uliopita nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, na mama mmoja anayenunua mabondo ya sangara. Bondo, kwa asiyelijua, ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Linakaushwa, linapangwa kwa ukubwa, linapanda ndege hadi Hong Kong na China, ambako huishia kwenye supu ya watu wenye nafasi. Mama alikuwa amepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mnunuzi wake, akaupitisha kwenye programu ya kutafsiri, na simu ikamwambia mteja anataka pilipili. "Mwanangu," akaniita, "mimi na pilipili wapi na wapi?"

Simu haikukosea kijinga. Kwa Kichina bondo huitwa huajiao. Kuna na kiungo cha jikoni, pilipili ya Sichuan, nacho huitwa huajiao: sauti ileile, toni ileile. Tofauti iko kwenye herufi ya pili tu, moja ni jiao ya gundi na nyingine ni jiao ya pilipili. Kwa sikio hutajua; kwa jicho utajua mara moja. Nikamwambia amwombe mteja aandike.

Binti wa mama huyo ndiye aliyenifanya niandike haya. Amemaliza shahada ya kwanza pale Malimbe, amepata nafasi Uingereza ya uzamili wa masomo ya Asia ya Mashariki, na kwa wiki mbili sasa orodha ya moduli imekaa mezani kwake kama bili ya umeme. Mjomba anasema achukue uchumi. Rafiki yake anasema Kichina. Mwalimu wake wa zamani anasema historia, na nyingine yoyote ni kupoteza muda. Wote wana hoja. Mimi nilipita njia hiyo miaka kadhaa nyuma, na leo nakula kwa kusoma na kujibu makaratasi kati ya wafanyabiashara wa hapa na wateja wao wa Asia. Sitamchagulia mtu. Nitaziweka moduli kwenye mizani moja baada ya nyingine, kila mmoja asome uzito mwenyewe.

Mizani yenyewe

Jina la moduli ni kibao cha duka. Mwaka wangu nilichukua moduli ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Jamii ya China ya Leo". Nani asingeipenda? Wiki ya pili mwalimu akagawa makala sita, nne kati yake Kichina kitupu. Wakati huo nilikuwa najua herufi labda mia mbili. Sikuwa na wa kumlaumu, maana kijitabu cha moduli kilisema wazi kwamba mwanafunzi awe anaweza kusoma. Ni ukurasa ambao sikuufungua kwa sababu kibao kilinitosha. Nilibadilisha siku mbili kabla dirisha halijafungwa, na jasho likinitoka.

Kwa hiyo kila moduli naiuliza maswali manne. Mzigo: kurasa ngapi kwa wiki, au saa ngapi, na kwa lugha gani? Kipimo: wanakupima kwa insha ndefu, mtihani, majaribio madogo ya kila wiki, au wasilisho mbele ya darasa? Mtu mmoja anaweza kupata alama ya juu kwa njia moja na kuanguka kwa nyingine, akili ikiwa ileile. Tasnifu: je, italisha kile utakachoandika mwishoni? Nyumbani: ukisharudi Mwanza, nini kinabaki mkononi? Hapa huwa naongeza swali la kichokozi: hicho kitu usingeweza kujifunza mwenyewe ukiwa Nyakato, na bando lako na subira?

Ujue pia nafasi uliyonayo. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja na krediti 180. Tasnifu inakula 60, zinabaki 120 za moduli, na sehemu yake ni ya lazima. Hiari yako inaweza kuwa moduli mbili au tatu tu. Japani ni miaka miwili na krediti zisizopungua 30, uzito mkubwa ukiwa kwenye semina ya msimamizi wako, hivyo kule unachagua mtu kabla ya kuchagua moduli. China ni miaka miwili hadi mitatu, na mara nyingi somo la Kichina limo kwenye ratiba utake usitake, hata kama programu ni ya Kiingereza.

Moduli ya lugha

*Mzigo.* Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 2,200 za darasani kukimudu Kichina, Kijapani au Kikorea. Kiswahili wamekipa saa 900. Sasa piga hesabu: moduli ya wanaoanza yenye saa tano kwa wiki, kwa wiki 22, ni saa 110. Hiyo ni asilimia 5 ya safari. Anayekuambia utarudi unasoma gazeti la Beijing anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na mzigo huu haulundikwi hadi Jumamosi. Ni wa kila siku, kama kumeza dawa.

Lugha tatu hizi hazilingani mwanzoni. Kikorea kina alfabeti yake, Hangul, iliyotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446. Herufi za msingi ni 24 na ndani ya wiki moja unasoma vibao vya mabasi. Kisha sarufi inakuuma. Kijapani kina zawadi kwa Mswahili: irabu tano, a e i o u, na silabi zinazoishia na irabu. Ndiyo maana Toyota, Suzuki na Yamaha hazikutusumbua kutamka. Vitenzi vyake vinabeba viambishi kibao, jambo ambalo mtu anayesema "hawajanipikia" kila siku halimtishi. Hata ngazi zake za heshima hazitushangazi sisi wenye shikamoo. Tatizo ni maandishi: silabi za aina mbili, halafu herufi 2,136 zilizowekwa rasmi kwa matumizi ya kawaida.

Kichina ni toni nne. Kiswahili hakina toni, lakini Kisukuma kinayo, na hili hakuna kijitabu cha chuo kitakachokuambia. Sisi tuliolelewa na bibi kwa Kisukuma tulikwenda na sikio lililokwisha kuzoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Usijidanganye ukadhani ni toni zilezile. Za Kisukuma hutembea ndani ya neno, za Kichina zimekaa kila moja kwenye silabi yake. Lakini miezi miwili ya kwanza, wenzangu walipokuwa wanalia na ma ya mama na ma ya farasi, mimi nilikuwa napumua.

*Kipimo.* Majaribio madogo kila wiki, kusikiliza, kuongea, imla. Mwenye bidii ya kila siku anavuna. Uliza jambo moja mapema: je, alama za lugha zinaingia kwenye wastani wako, au ni moduli ya pembeni isiyohesabika? Vyuo vinatofautiana.

*Tasnifu.* Kwa anayeanza, karibu na sifuri mwaka huo. Kwa aliyekwisha kufika katikati, ni kila kitu, kwa sababu ndiyo inayomtoa kwenye kusoma walichosema Wazungu juu ya China hadi kusoma walichosema Wachina wenyewe.

*Nyumbani.* Cheti kinachoeleweka bila maelezo: HSK kwa Kichina, JLPT kwa Kijapani (ngazi tano, N5 ya chini na N1 ya juu), TOPIK kwa Kikorea (ngazi sita). Na kuhusu swali la bando: maneno unaweza kujifunza kwenye simu, lakini mtu wa kukukatiza toni inapopotoka, mara arobaini kwa saa, hayuko Nyakato.

Inamfaa mwenye miaka zaidi ya mmoja mbele yake, au anayejua kwamba mwaka huu ni mbegu tu. Haimfai anayetaka matokeo kufikia Septemba.

Historia ya Asia ya Mashariki tangu karne ya 19

*Mzigo.* Kurasa. Semina moja inaweza kudai makala tatu na sura mbili, karibu zote kwa Kiingereza. Miaka utakayolala nayo ni 1868, mageuzi ya Meiji yanapoanza Japani, 1895, Japani inapoishinda China na kuichukua Taiwan, 1910, inapoimeza Korea, 1945, Japani inaposhindwa vita, 1949, Wakomunisti wanapoishika China, kisha 1950 hadi 1953, vita ya Korea iliyosimamishwa kwa makubaliano ya kusitisha mapigano na ambayo mpaka leo haina mkataba wa amani. Tarehe ni kazi ya wiki ya kwanza. Kazi yenyewe ni ubishi. Kwa nini Japani ilijenga jeshi na viwanda haraka, na utawala wa Qing wa China ukakwama? Kwa nini aya moja kwenye kitabu cha shule cha Japani inaweza kuwatoa watu barabarani Beijing na Seoul?

*Kipimo.* Insha moja au mbili, maneno 4,000 hadi 5,000. Msemaji mzuri asiyependa kuandika ataumia hapa.

*Tasnifu.* Wengi wetu tunadhani historia hii haina letu. Fikiria hili. Ujerumani iliyotawala Mwanza ndiyo iliyoilazimisha China kuikodisha Qingdao mwaka 1898. Kaizari mmoja, bendera moja, miaka ileile. China wakainuka Waboxer, waasi waliopinga wageni, mwaka 1900, huku kwetu ikaja Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907. Wajapani wakaichukua Qingdao Novemba 1914. Waingereza wakaichukua Mwanza mwaka 1916. Mtu akiweka miji hii miwili ya ukingo wa maji kando kwa kando, ana tasnifu ambayo mwanafunzi wa London hataigusa. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ziko kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Onyo: zimeandikwa kwa mwandiko wa Kijerumani cha zamani, na ukiusoma mara ya kwanza utadhani kuku amepita na wino miguuni.

*Nyumbani.* Ualimu, uandishi, njia ya uzamivu. Kwenye swali la bando historia haijifichi: sehemu kubwa ya maarifa yake unaweza kuyasoma mwenyewe. Usichoweza kujipa ni kalamu nyekundu ya mwalimu inayokuuliza pembeni, "Umejuaje?"

Inamfaa anayesoma haraka, anayeandika, na asiyechoka kubishana kwa utulivu.

Uchumi wa siasa: namna walivyojenga viwanda

Hii ndiyo moduli ya mjomba, na mjomba hakukosea kwa kila kitu.

*Mzigo.* Wastani, lakini mkavu: sera, majedwali, asilimia. Kiini chake ni wazo la "dola ya maendeleo", lililotokana na uchunguzi wa Chalmers Johnson juu ya wizara ya biashara na viwanda ya Japani, mwaka 1982. Yaani serikali inayochagua viwanda vya kulea, inayashika mabenki, inatoa mkopo nafuu, halafu inadai matokeo: umeuza nje kiasi gani? Korea chini ya Park Chung-hee, aliyeshika madaraka mwaka 1961, ilianza mpango wake wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1962, na kufikia 1973 ilikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma Pohang. China ilifungua milango Desemba 1978, na Shenzhen ikawa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980. Utafika kwenye mgogoro wa fedha wa 1997, Wakorea walipopanga foleni kutoa pete na mikufu yao ili nchi ilipe madeni. Dhahabu iliyokusanywa ilipita tani 200. Mtu wa Kanda ya Ziwa, anayejua gramu moja inavyotafutwa kwa jasho, anaisoma habari hiyo kwa macho tofauti.

Faida kubwa niliyoiona kwenye moduli hii ni kwamba inakuponya sentensi moja. Unaifahamu: "Mwaka 1960 Korea ilikuwa maskini kama sisi." Kwa kipato cha mtu mmoja, Korea ilikuwa maskini kweli. Lakini ilikuwa imekwisha kugawa ardhi ya makabaila kwa wakulima, imekwisha kupeleka watoto wengi shule, na ilikuwa inapokea misaada mikubwa ya Marekani. Ukishajua hayo, ile sentensi inakuwa swali.

*Kipimo.* Insha fupi na ripoti za sera; baadhi ya vyuo huweka takwimu nzito. Uliza kama kuna regresheni kabla hujasaini.

*Tasnifu.* Japani na Korea zilipanda ngazi kwa kuanzia nyuzi na nguo. Sisi tuna pamba, imetuzunguka kuanzia Magu hadi Shinyanga, na nyingi yake inaondoka nchini ikiwa imechambuliwa tu, bila kuwa uzi wala kitambaa. Mtu mzima yeyote wa Mwanza ana la kusema juu ya Mwatex, kiwanda chetu cha nguo. Hapo kuna maswali ya kutosha tasnifu kumi.

*Nyumbani.* Benki, halmashauri, mipango, mashirika. Ni moduli inayoeleweka kwenye usaili bila kueleza sana. Bando? Nusu kwa nusu.

Inamfaa asiyeogopa jedwali. Aliyekuja kwa ajili ya watu na maisha yao ataiona kavu.

Asia ya Mashariki na Afrika

*Mzigo.* Mwepesi kuliko historia, na unaufahamu nusu yake kabla hujaingia. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Ziara ya Mwalimu Nyerere China Februari 1965 na ya Zhou Enlai Tanzania Juni mwaka huohuo. Kura ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 1971 iliyoipa Beijing kiti cha China, balozi wetu Salim Ahmed Salim akiwa mmoja wa walioipigania. Kisha mikutano: TICAD ya Japani tangu 1993, FOCAC ya China tangu 2000, na mkutano wa kilele wa Korea na Afrika Juni 2024.

Na hapa nyumbani mifano unaikanyaga. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilijengwa na makandarasi wa China na kufunguliwa Juni 2025. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, nayo iko mikononi mwa makampuni ya China. Meli ya MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilijengwa pale bandari ya kusini na mkandarasi wa Korea Kusini. Gari lililokupeleka kuitazama huenda ni Hiace iliyozeekea Japani kwanza.

*Kipimo.* Ripoti ya sera, wasilisho, insha moja. Mtu wa kuongea anang'ara.

*Tasnifu.* Hakuna moduli itakayokupa uwanja wa utafiti ulio karibu kuliko hii. Mlolongo wa bondo peke yake, kutoka kwa mvuvi wa Ukerewe hadi bakuli la Hong Kong, una bei, uaminifu, ujanja, leseni, na lugha ndani yake. Mwanafunzi wa kigeni angehitaji miezi kujua nani anamkopesha nani pale Mwaloni. Wewe unahitaji chai na maandazi.

*Nyumbani.* Miradi, ukalimani, vyombo vya habari, mashirika.

Sasa kasoro zake, maana naipenda na sitaki kuipamba. Kwanza, maandiko mengi yanazungukia deni, mtego wa deni, si mtego wa deni, na baada ya wiki sita unaweza kuhisi umesoma makala moja mara kumi. Pili, kila mjadala ukifika Afrika, vichwa vyote vya darasa vinageuka kukutazama wewe. Utaulizwa Waafrika wanaonaje, kana kwamba ulipiga kura ya bara zima usiku wa jana. Wapo wanaofurahia kiti hicho, mimi kilinichosha. Tatu, kuna uvivu ndani yake: unaweza kusafiri hadi Ulaya na kutumia ada yote kusoma habari za Busisi, na Asia yenyewe ukarudi hujaijua.

Inamfaa mwenye mtandao wa watu tayari nyumbani, na anayeioanisha na moduli nyingine ya kumwingiza Asia kwenyewe.

Utamaduni, filamu na fasihi

*Mzigo.* Filamu moja kwa wiki, riwaya chache zilizotafsiriwa, na nadharia, ambayo ndiyo inayowatoa watu jasho. Wanaodhani ni moduli ya kupumzika hushtuka wakiambiwa waandike kurasa nane juu ya namna kamera ilivyokaa chini sakafuni. *Kipimo* ni uchambuzi na wasilisho. *Tasnifu:* waliokulia kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha filamu, wana hazina wasiyoithamini. Yule msimulizi anayegeuza filamu ya Kikorea kuwa Kiswahili papo kwa papo, akiongeza utani wake na kuwapa wahusika majina ya mtaani, anafanya jambo ambalo wasomi wa tafsiri wangelipenda sana kama wangelikaa naye kwenye benchi. *Nyumbani:* ajira zipo lakini ni chache na za kutafuta. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na StarTimes imewahi kufanya mashindano ya sauti nchini na kuwapeleka washindi Beijing kufanya kazi hiyo. Kwa bando filamu unazipata. Jicho la kuzisoma ndilo unalolipia.

Inamfaa mwandishi, mtangazaji, mfasiri, mwalimu wa fasihi. Mwenye mkopo wa kulipa haraka ajipime kwanza.

Mbinu za utafiti

Mara nyingi ni ya lazima, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Ikiwa ya hiari, ichukue kama hujawahi kufanya mahojiano wala kukaa kwenye nyaraka. Inachosha, na Julai ukiwa peke yako na tasnifu utaikumbuka kwa wema.

Ukiwa katika hali hii au ile

Kama unaelekea uzamivu, lugha haikwepeki, na historia au moduli yoyote yenye insha ndefu itampa msimamizi wa kesho kitu cha kusoma. Kamati za uzamivu huuliza swali moja la kuudhi: unasoma lugha ya nyaraka zako, au husomi?

Kama kazi yako inakungoja halmashauri au benki na umepewa ruhusa ya mwaka mmoja, uchumi wa siasa pamoja na Asia na Afrika vitaleta kitu unachoweza kukitumia wiki ya kwanza ofisini. Lugha ya wanaoanza katika hali yako ni starehe nzuri, ila ihesabu kuwa starehe.

Kama umekwisha kusoma Kichina nchini, tuseme kwenye Taasisi za Confucius zilizopo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma tangu 2013, usikubali kuwekwa darasa la wanaoanza kwa sababu ya fomu. Omba mtihani wa kupangiwa ngazi. Kukaa mwaka mzima unarudia “ni hao”, salamu ya Kichina, ni kuunguza ada.

Kama Kiingereza chako cha kuandika kinakutesa, na hili watu wanaona aibu kulisema, usilundike moduli tatu za insha muhula mmoja. Changanya: moja ya insha, moja ya majaribio madogo, moja ya wasilisho. Lugha inakuokoa hapa kwa sababu wote mnaanza na sifuri, Mwingereza na wewe.

Kama familia ina biashara inayogusa Asia, mabondo, vipuri, simu, nguo, basi chagua lugha ya nchi mnayofanya nayo biashara, hata kama nyingine inapendeza zaidi. Nimeona kijana wa duka la vipuri vya Kichina akichukua Kikorea kwa sababu ya tamthilia. Amefurahi, na baba yake bado anatumia programu ya simu.

Kama unakwenda Japani, acha orodha ya moduli kwanza, soma machapisho ya mtu unayemwomba akusimamie. Semina yake ndiyo moduli yako kubwa.

Na kama umebaki kati ya mbili na kila kitu kiko sawa, waandikie walimu wote wawili barua pepe fupi uombe orodha ya kusoma ya wiki ya nne. Wiki ya kwanza ni ya kukaribishana. Ya nne ndiyo inayoonyesha duka lina bidhaa gani.

Binti wa mama wa Mwaloni amenitumia rasimu yake juzi: mbinu za lazima krediti 30, Kichina 30, uchumi wa siasa 30, Asia na Afrika 30. Historia ameiacha. Mimi nisingeiacha, lakini si mimi nitakayebeba vitabu vyenyewe. Chuo chake kina dirisha la wiki mbili za kubadilisha. Nimemwambia ahudhurie mhadhara wa kwanza wa historia hata hivyo. Akae nyuma, mlangoni hakuna anayekata tiketi.